Pendekezo la suluhu likikataliwa, nani anabeba gharama za kesi? Njia nne za kulitoa, zikilinganishwa

Katika kesi ya madai hufika siku upande mmoja ukasema: chukua kiasi hiki, tumalize. Inaweza kuwa kampuni ya bima baada ya ajali ya matatu, mwenye trela aliyemwaga mzigo wa mtu Miritini, au mpangaji wa duka Kongowea aliyelimbikiza kodi. Anayepewa huuliza jambo moja tu, kama pesa zinatosha. Anayetoa naye huuliza moja tu, kama atakubaliwa. Wote wawili husahau kwamba pendekezo lililokataliwa halijafa. Linaweza kuibuka tena hukumu ikishasomwa, wakati jaji anaamua nani amlipe nani gharama za kesi, na hapo likamega sehemu kubwa ya alichokipata mshindi.

Nawaandikia walio katika njia panda hiyo: unayetaka kutoa pendekezo na hujui ulitoe kwa njia gani, na uliyeletewa pendekezo na unataka kujua hatari ya kulikataa. Sheria ninayoieleza ni ya Kenya, kama inavyotumika katika mahakama za Mombasa.

Msingi wa yote

Kifungu cha 27 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, Sura ya 21, kinasema gharama ziko mikononi mwa mahakama, na kwamba humfuata aliyeshinda isipokuwa jaji au hakimu aone sababu nzuri ya kuamuru vingine. Mwaka 2014, katika kesi ya familia ya Rai, Mahakama ya Juu ilisisitiza kuwa gharama hazilengi kumwadhibu aliyeshindwa, bali kumfidia aliyeshinda kwa yale aliyoyapitia kesini.

Maneno ya kushika ni hayo ya “sababu nzuri”. Mtu aliyepewa kiasi cha haki mapema, akakataa, akaipeleka kesi mpaka mwisho na kutoka na kiasi kile kile au pungufu, amemwingiza mwenzake katika gharama ambazo hazikuwa na lazima. Jaji ana uhuru wa kumnyima gharama za kuanzia siku aliyokataa, au hata kumwamuru azilipe za mwenzake kuanzia siku hiyo. Uhuru maana yake ni kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia matokeo. Wakili anayekuambia “hii ni lazima tulipwe” anakuahidi kitu asichokuwa nacho.

Gharama nazo hazipangwi kwa kubuni. Upande uliopewa huandaa orodha yake, na afisa wa kukadiria, ambaye mara nyingi ni naibu msajili, huipitia kipengele kwa kipengele akifuata Amri ya Ada za Mawakili: jedwali la 6 kwa Mahakama Kuu, la 7 kwa mahakama za chini. Asiyeridhika na makadirio ana siku 14 za kutoa notisi ya kupinga. Mahakama inaweza pia kuweka riba juu ya gharama, isiyozidi asilimia 14 kwa mwaka.

Jambo linalowaumiza wengi ni hili: gharama anazokulipa mpinzani na ada unayomlipa wakili wako ni vitu viwili. Kwa majedwali hayo, ada ya wakili kwa mteja wake ni kile kiasi cha upande kwa upande, yaani gharama anazokulipa mpinzani, kikiongezwa nusu. Hata ukishinda na kupewa gharama zote, kuna pengo linalobaki mfukoni mwako.

Tahadhari moja kwa wanaosoma mambo haya mtandaoni. Maelezo mengi utakayokutana nayo ni ya Uingereza, ambako tangu 1999 kuna sehemu maalumu ya kanuni, Sehemu ya 36, yenye muda wa siku 21 na adhabu zilizoandikwa wazi kwa anayekataa pendekezo kisha asipate matokeo bora kuliko hilo. Kenya haina mfumo kama huo. Ukinakili barua ya Sehemu ya 36 na kuipeleka kwa wakili wa Nkrumah Road mjini Mombasa, hutapata matunda yake.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima njia zote nne kwa maswali yale yale. Jaji analiona pendekezo lini? Likikataliwa, lina uzito gani kwenye gharama? Unahitaji kuwa na pesa mkononi? Lina hatari gani kwa anayelitoa? Na linamfaa nani?

Tuchukue mfano mmoja utakaotufuata. Hesabu zake ni za kuonyesha tu, si makadirio ya kesi ya mtu. Mfanyabiashara ametoa kontena la vigae bandarini Kilindini, trela likapinduka, anamdai mwenye trela Sh 2,400,000. Mwenye trela anatoa Sh 1,500,000 pamoja na gharama mpaka siku hiyo. Gharama za upande kwa upande mpaka hapo ni Sh 60,000, na kesi ikiendelea mpaka hukumu zitaongezeka Sh 170,000 kwa kila upande. Wakili wa mfanyabiashara anataka Sh 80,000 kesi ikiisha leo, Sh 300,000 ikifika mwisho.

Akikubali, anaondoka na Sh 1,480,000. Akikataa, jaji akampa Sh 1,300,000 na kanuni ya kawaida ikafuatwa, anabaki na Sh 1,230,000. Lakini jaji akilitilia maanani pendekezo lile na kuzigeuza gharama kuanzia siku alipokataa, mfanyabiashara analipwa Sh 60,000 za mwanzo tu, anatoa Sh 170,000 za mpinzani, anamlipa wakili wake Sh 300,000, na mkononi anabakiwa na Sh 890,000. Ameshinda kesi, na bado amepoteza Sh 590,000 akilinganisha na siku aliyosema hapana. Upande wa pili nao usemwe: jaji akimpa Sh 2,000,000, kukataa kulikuwa sahihi, ataondoka na Sh 1,930,000. Heri nusu shari kuliko shari kamili, wanasema wazee, lakini nusu hiyo lazima uipigie hesabu kwanza.

Njia ya kwanza: barua ya wazi

Ni barua ya kawaida, haina sharti la siri juu yake.

Jaji analiona lini. Wakati wowote. Unaweza kuiambatisha kwenye nyaraka zako tangu mwanzo.

Likikataliwa. Ina uzito mzuri kwa gharama, kwa sababu kila mtu anaona ulijitolea mapema. Pia inakujengea sura ya mtu mwenye nia njema tangu siku ya kwanza, na sura hiyo inasaidia katika maamuzi madogo madogo ya njiani.

Pesa. Si lazima uwe nazo siku hiyo. Unaweza kupendekeza kulipa kidogo kidogo.

Hatari. Ni kubwa. Ukiandika wazi kwamba utalipa Sh 1,500,000 kwa deni lile, umetoa kauli inayoweza kuchukuliwa kuwa ni kukiri. Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za 2010, Agizo la 13, zinamruhusu mpinzani kuomba hukumu kwa kiasi kilichokiriwa bila kusubiri kesi isikilizwe. Atachukua Sh 1,500,000 zako kwa amri ya mahakama, kisha aendelee kukudai zilizobaki. Ulidhani unanunua amani, kumbe umempa mtaji wa kukupigania.

Linamfaa anayekubali deni moyoni mwake na anabishana juu ya muda wa kulipa tu. Mpangaji anayejua anadaiwa kodi ya miezi na anaomba awamu, kwa mfano, hana cha kuficha.

Njia ya pili: barua ya siri inayohifadhi suala la gharama

Hii ndiyo ningependa watu wengi zaidi waijue, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 23, inalinda mazungumzo ya suluhu: kauli iliyotolewa kwa sharti kwamba haitatumiwa kama ushahidi haiwezi kuthibitishwa mahakamani. Ndiyo maana barua za mawakili huwa na maneno “Without Prejudice” juu kabisa, kwa herufi kubwa. Barua yenye maneno hayo mawili peke yake inakulinda, lakini inakufunga pia. Hukumu ikishasomwa huwezi kuitoa kusema “niliwapa kiasi hiki wakakataa”, maana ulikubali isionyeshwe kamwe.

Dawa yake ilipata jina katika kesi ya talaka ya Calderbank, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 1975, na tangu hapo imesambaa katika nchi zinazofuata mkondo huo wa sheria. Unaongeza maneno manne tu, “Save as to Costs”, kwenye kichwa cha barua. Maana yake, barua ni siri mpaka suala la gharama lifike. Hapo inaruhusiwa kuonekana.

Jaji analiona lini. Baada ya kuamua nani ameshinda na kwa kiasi gani. Wakili anasimama, anaomba kusema neno kuhusu gharama, anatoa nakala ya barua. Nakala hiyo iwe na muhuri wa kupokelewa wa ofisi ya wakili wa upande wa pili, tarehe ikisomeka na sahihi ya karani juu yake. Muhuri uliofifia au tarehe isiyosomeka unaweza kuleta ubishi mzima kuhusu kama barua ilifika. Ukiituma kwa baruapepe, hifadhi ujumbe wenyewe pamoja na jibu lake.

Likikataliwa. Nchini Kenya nguvu yake inatoka kwenye uhuru wa jaji chini ya kifungu cha 27. Kwa hiyo ubora wa barua ndio unaoamua. Mambo yanayobishaniwa ni ya kawaida na unaweza kuyaziba tangu mwanzo: barua ilisema kiasi gani hasa? Kiasi hicho kinajumlisha riba au la? Kinajumlisha gharama za mpaka siku hiyo, au kila mtu abebe zake? Pesa zingelipwa ndani ya siku ngapi? Anayepewa alipewa muda wa kutosha kufikiri? Na alikuwa na taarifa za kumwezesha kupima? Barua inayomtaka majeruhi ajibu kesho kutwa kabla hata ripoti ya daktari haijatoka ni dhaifu, na kwa maoni yangu inastahili kuwa dhaifu.

Suala la riba lisipuuzwe. Hukumu inaweza kuonekana kubwa kuliko pendekezo kwa sababu tu riba imekuwa ikijazana wakati kesi inangoja kusikilizwa. Linganisha kitu na kitu: kiasi cha msingi kwa kiasi cha msingi, na riba mpaka siku ile ile.

Pesa. Huhitaji kuzitoa siku hiyo. Hapa ndipo penye udhaifu wake pia, kwa sababu mpinzani anaweza kusema alikataa kwa kuwa hakuamini utalipa. Kama una historia ya hundi zisizopita, barua yako itasomwa kwa jicho hilo.

Hatari. Ni ndogo. Si kukiri. Ila pendekezo likikataliwa au muda wake ukipita, kwa kanuni za mikataba limekwisha. Mpinzani hawezi kubadilisha mawazo miezi baadaye na kukulazimisha. Hilo ni zuri kwa anayetoa, na ni onyo kwa anayepewa.

Linamfaa mdai na mdaiwa sawasawa. Watu wengi wanadhani mapendekezo hutolewa na anayedaiwa tu. Mfanyabiashara wetu wa vigae angeweza kuandika yeye: “Nitakubali Sh 1,700,000.” Jaji akimpa Sh 1,800,000, ana hoja ya kuomba gharama zake zote bila kupunguzwa, hata kama madai yake ya awali yalikuwa makubwa mno. Njia hii pia ndiyo inayofaa ugomvi usio wa pesa pekee, kama mpaka wa kiwanja Likoni au ukuta uliojengwa juu ya njia ya jirani, mradi masharti yaandikwe wazi.

Njia ya tatu: kuweka pesa mahakamani

Agizo la 27 la Kanuni za 2010 linamruhusu mdaiwa katika kesi ya deni au fidia kuweka kiasi fulani mahakamani kumaliza dai, kwa kumpa mdai notisi. Mdai anaweza kuzichukua na kesi ikaisha, au kuziacha na kuendelea.

Jaji analiona lini. Kanuni zinakataza jaji kuambiwa kuhusu pesa hizo mpaka ameamua wajibu na kiasi. Wakili akiropoka mapema anaweza kuiharibu kesi nzima.

Likikataliwa. Hapa ndipo njia hii inapozipita nyingine kwa uzito. Iko ndani ya kanuni zenyewe, na jaji anatakiwa kuzingatia kuwa pesa ziliwekwa na ni kiasi gani. Bado uamuzi ni wake, lakini mjadala unaanzia mahali pengine kabisa. Mdai aliyeacha Sh 1,500,000 zikilala mahakamani na akapata Sh 1,300,000 ana kazi ngumu ya kueleza kwa nini mwenzake alipe gharama za muda ule wote.

Pesa. Zote, taslimu, leo. Kwa kampuni ya bima au ya meli si tabu. Kwa mwenye trela moja anayelipia mkopo benki, Sh 1,500,000 kukaa mahakamani wakati kesi inasukumwa tarehe hadi tarehe ni mzigo unaoweza kuzamisha biashara.

Hatari. Kuweka pesa peke yake si kukiri. Hatari yake ni mtaji kufungwa, na kuweka kiasi kidogo mno kunakofanya zoezi lote liwe bure. Ukiwa na madai zaidi ya moja, eleza kila kiasi ni cha dai lipi.

Linamfaa mdaiwa mwenye pesa, anayejua kuwa atashindwa kwa kiwango fulani, na ambaye mpinzani wake anatilia shaka uwezo wake wa kulipa. Halimfai mdai, isipokuwa naye ameshtakiwa kwa madai ya kupinga.

Njia ya nne: upatanishi wa mahakama

Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaitaka Mahakama kuhimiza njia mbadala za kutatua migogoro, na Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai ina vifungu vya 59A hadi 59D kwa ajili hiyo. Mpango ulianza kwa majaribio Nairobi mwaka 2016, kisha ukaenea hadi miji mingine, Mombasa ikiwemo. Faili inachujwa, mpatanishi aliyeidhinishwa anateuliwa, mnakaa mezani.

Jaji analiona lini. Halioni. Yanayosemwa mbele ya mpatanishi ni siri. Msipoelewana, faili inarudi kwa jaji bila simulizi ya nani alitoa nini.

Likikataliwa. Kwa sababu hiyo, halina uzito kwenye gharama. Watu hutoa kiasi kizuri sana kwa mpatanishi, wakakataliwa, wakatulia wakidhani wamejilinda. Hawajajilinda. Ukitaka kinga, upatanishi ukishindikana tuma barua mpya ya njia ya pili, inayojitegemea, isiyotaja kilichosemwa mle ndani. Kinachoweza kukuletea gharama ni kutohudhuria au kukaidi maelekezo. Hapo mahakama ina uwezo wa kukuadhibu.

Pesa na hatari. Huweki chochote, na kusema ovyo hakukudhuru kesini. Mkikubaliana, makubaliano yanasajiliwa na kuwa na nguvu ya hukumu, na hayakatiwi rufaa. Soma kabla ya kutia sahihi, hasa kipengele cha gharama. Makubaliano yaliyonyamaza kuhusu gharama yanaweza kuzaa ugomvi mwingine.

Linamfaa yule atakayeendelea kuishi au kufanya kazi na mpinzani wake: ndugu, jirani, washirika wa duka, wakala wa kutoa mizigo na mteja wake wa miaka.

Mwongozo kulingana na hali yako

Umeletewa barua ya siri na kiasi hakiko mbali na unachotarajia. Mwambie wakili wako akupigie hesabu tatu kwa maandishi kama nilivyofanya juu: ukikubali, ukikataa ukapata pungufu, ukikataa ukapata zaidi. Kisha usijibu hapana tupu. Jibu kwa pendekezo lako mwenyewe la aina ile ile, ili siku ya gharama na wewe uwe na karatasi mkononi. Na kwa kuwa mahakama kwa kawaida humchukulia wakili kuwa na mamlaka ya kukubali kwa niaba ya mteja, mpe mipaka yako kwa maandishi.

Unadaiwa, unajua kosa ni lako, pesa unazo: weka mahakamani mapema, kabla gharama hazijapanda. Pesa huna zote lakini deni unalikubali: barua ya wazi na ratiba ya awamu unayoiweza kweli. Deni hulikubali ila hutaki kesi ya miaka: barua ya siri inayohifadhi gharama.

Umeumia kwenye ajali na bima imekupa kiasi. Kumbuka kwamba sheria ya bima ya magari inaweka kikomo cha Sh 3,000,000 kwa kile ambacho bima inalazimika kulipa kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo utamdai mwenye gari, na matatu iliyouzwa vyuma chakavu haiwezi kukulipa. Jambo hilo liingie kwenye hesabu yako, sambamba na ripoti kamili ya daktari, kabla ya kusema ndiyo au hapana. Aliyeumia akiwa mtoto, wazazi hawawezi kukubali suluhu wenyewe. Lazima mahakama iidhinishe.

Unadai na hujawahi kumwandikia mdaiwa barua ya kumtaka alipe. Andika kwanza. Aliyeshtakiwa bila notisi kisha akalipa kabla au siku ya kwanza ya kusikilizwa anaweza kukuacha bila gharama za wakili, hata kama deni lilikuwa halali.

Dai lako halizidi Sh 1,000,000. Fikiria Mahakama ya Madai Madogo, ambako uamuzi unatakiwa kutoka ndani ya siku 60. Muda ukiwa mfupi hivyo, gharama za baada ya pendekezo hazipati nafasi ya kukua, kwa hiyo ubishi wote wa barua za siri unapungua thamani. Toa kiasi cha haki, wazi au kwa siri, na kama hakikubaliwi sikilizwa umalize.

Ni mirathi, au ugomvi wa ndugu juu ya nyumba ya marehemu Mji wa Kale. Usitegemee gharama zikupe ushindi, kwa sababu katika kesi za namna hii majaji wengi huamuru kila upande ubebe zake. Anza na upatanishi. Ukishindikana, barua ya siri bado ina maana, ila iandike ukijua kwamba inayoweza kuleta ni suluhu yenyewe, na si pesa za gharama.

Na kama umeshakubaliana kwa njia yoyote kati ya hizi, makubaliano yaandikwe na yapelekwe mahakamani yawe amri chini ya Agizo la 25. Yataje kiasi, tarehe ya kulipa, kitakachotokea awamu moja ikikosekana, na nani anabeba gharama. Yakishakuwa amri, kuyatengua kunataka uthibitishe ulaghai, kosa la msingi au sababu nyingine ya kuvunja mkataba, kwa hiyo kipengele chochote kisichokueleweka kiulizie kabla wakili hajatia sahihi.